Sanaa ya Makazi na Ustawi wa Binadamu: Mafunzo kutoka Imigongo na Hospitali ya Butaro nchini Rwanda

Ikisiri

Sera nyingi za afya na makazi huichukulia sanaa kuwa pambo linalosubiri mahitaji mengine yatimizwe kwanza. Makala haya yanaeleza namna sanaa inayomzunguka mtu katika maisha ya kila siku inavyoathiri ustawi wake, na yanabainisha njia tatu za athari hiyo: jicho, maana na mkono. Mifano mikuu ni imigongo, sanaa ya ukutani ya kusini-mashariki mwa Rwanda, na Hospitali ya Wilaya ya Butaro iliyoko kaskazini mwa nchi hiyo. Hoja inayojengwa ni kwamba tafiti zinazorejelewa zaidi duniani zimeshughulika na njia ya jicho, ilhali katika ukanda wa Maziwa Makuu maana na mkono vina uzito usiopungua huo. Kwa hiyo, sera inayonunua picha na kuzitundika ukutani bila kuwahusisha wakaazi na watendaji wa sanaa hupata sehemu ndogo tu ya manufaa yanayotarajiwa.

1.0 Utangulizi

Mgonjwa aliyelazwa wodini humwona daktari kwa dakika chache kwa siku, lakini huutazama ukuta au dirisha kwa saa nyingi. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto darasani, kwa mzee anayeshinda sebuleni na kwa familia iliyohamishiwa katika nyumba mpya za mpango. Hata hivyo, bajeti ya jengo la umma inapoandaliwa, ukuta huhesabiwa kwa matofali, saruji na rangi. Kile ambacho ukuta huo utamwambia anayeishi nao hakina fungu.

Kuachwa huko si jambo dogo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, inaieleza afya kuwa ni ukamilifu wa hali ya mwili, akili na jamii, wala si kutokuwapo kwa maradhi pekee. Mwaka 2019, Ofisi ya Kanda ya Ulaya ya shirika hilo ilichapisha mapitio ya Daisy Fancourt na Saoirse Finn yaliyokusanya matokeo ya tafiti zaidi ya 3,000 kuhusu mchango wa sanaa katika kukinga maradhi, kukuza afya na kusaidia matibabu. Kutokana na wingi huo wa ushahidi, swali la iwapo sanaa inahusiana na afya limepungua uzito. Swali lililobaki mbele ya watafiti na washauri wa sera ni sanaa ipi, kwa nani, na kwa njia gani.

2.0 Ufafanuzi wa Dhana

Katika makala haya, sanaa ya makazi ni kazi ya ubunifu inayokaa pamoja na watu mahali wanapolala, wanapofanya kazi, wanapougua na wanapozika. Inajumuisha nakshi za ukutani na mlangoni, nguo, mikeka, vikapu, vyungu na umbo la jengo lenyewe. Haijumuishi kazi ambayo mtu huiendea kwa makusudi, kama vile onyesho la jukwaani au picha iliyohifadhiwa makumbusho.

Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa sababu ya mazoea. Kazi ya makumbusho hutazamwa kwa makini kwa muda mfupi. Sanaa ya makazi huonekana mara elfu na kutazamwa mara chache. Baada ya majuma machache jicho huipita bila kusimama. Kwa mtazamo wa haraka, mazoea hayo yangeonekana kuiondolea nguvu. Ukweli ni kwamba nguvu yake imo humo humo. Kitu kilichozoeleka ndicho kinachompa mtu hisia ya kuwa kwake, na mara nyingi thamani yake hudhihirika siku kinapoondolewa.

Neno ustawi nalo linastahili ufafanuzi. Kwa Kiswahili, kustawi husemwa kwa mmea, kwa mji na kwa mtu. Kwa hiyo neno linabeba dhana ya kukua mahali panapofaa, na si furaha ya mtu mmoja peke yake. Maana hiyo pana ndiyo inayotumika hapa: utulivu wa nafsi, heshima mbele ya wengine, na uwezo wa kujipatia riziki.

3.0 Njia ya Kwanza: Jicho

Utafiti unaorejelewa zaidi katika uwanja huu ni wa Roger Ulrich, uliochapishwa mwaka 1984 katika jarida la Science. Ulrich alichunguza kumbukumbu za hospitali moja ya jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, za kati ya mwaka 1972 na 1981. Aliwalinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa kibofu cha nyongo, akiwapanga katika jozi 23 zilizofanana kwa umri, jinsia na sifa nyingine. Katika kila jozi, mmoja alilazwa katika chumba ambacho dirisha lake lilielekea miti, na mwenzake katika chumba ambacho dirisha lake lilielekea ukuta wa matofali. Waliotazama miti walikaa hospitalini kwa wastani wa siku 7.96 baada ya upasuaji, dhidi ya siku 8.70 za wenzao, na walihitaji dawa kali za maumivu kwa kiasi kidogo zaidi.

Idadi hiyo ni ndogo na hospitali ni moja, lakini matokeo yake yalifungua mlango wa tafiti nyingine. Maelezo yanayotolewa ni ya aina mbili. La kwanza ni kwamba mandhari ya asili hutuliza mwili ulio katika taharuki. La pili, lililoendelezwa na Rachel na Stephen Kaplan, ni kwamba akili iliyochoshwa na umakini wa kulazimishwa hupumzika inapotazama kitu kinachoivuta bila kuilazimisha, kama majani yanayopeperushwa na upepo.

Baadaye Ulrich na wenzake waliuhamishia uchunguzi huo kwenye picha. Katika hospitali ya chuo kikuu mjini Uppsala, Sweden, wagonjwa 160 waliofanyiwa upasuaji wa moyo waliwekewa picha za aina mbalimbali mbele ya vitanda vyao, na wengine hawakuwekewa picha yoyote. Picha ya mandhari yenye maji na miti iliambatana na wasiwasi mdogo zaidi. Picha ya kidhahania yenye maumbo ya pembe na mistari iliyonyooka iliambatana na wasiwasi mkubwa hata kuliko ukuta mtupu.

Matokeo haya yameongoza uchaguzi wa picha katika hospitali nyingi za nchi tajiri. Kanuni inayotokana nayo ni nyepesi: mandhari ya asili yafaa, maumbo ya pembe hayafai. Kanuni hiyo inapofikishwa Rwanda, hata hivyo, inakutana na ukuta wa imigongo.

4.0 Njia ya Pili: Maana

Imigongo ni sanaa inayotokana na eneo la Gisaka, ufalme wa zamani wa kusini-mashariki mwa Rwanda. Masimulizi yanamhusisha mwanzilishi wake, Kakira, na ukoo wa kifalme wa Gisaka, na yanaeleza kwamba alianza kwa kupamba kuta za ndani za nyumba yake. Jina lenyewe halimtatizi msemaji wa Kiswahili: umugongo kwa Kinyarwanda ni mgongo, na imigongo ni migongo, yaani matuta yaliyoinuka juu ya uso wa ukuta.

Utengenezaji wake ni wa vifaa vya nyumbani. Kinyesi cha ng'ombe huchanganywa na majivu ili kupunguza harufu na kuzuia wadudu. Mchanganyiko huo hufinyangwa kwa vidole kufuata michoro iliyotangulia kuchorwa, na ukishakauka hulainishwa na kupakwa rangi. Kwa desturi, rangi nyeupe na nyekundu hutokana na udongo. Rangi nyeusi hutokana na majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri na matunda ya jamii ya mtunguja. Michoro yake ni pembe, misumeno, miraba ya mshazari na mizunguko ya pembe kali.

Kwa kanuni ya Uppsala, ukuta wa namna hiyo ungemtia mgonjwa wasiwasi. Lakini picha ya kidhahania mbele ya mgonjwa wa Sweden na ukuta wa imigongo mbele ya mkaazi wa Kirehe si kitu kimoja, hata kama maumbo yanafanana. Picha ya kwanza ilikuwa ngeni, haikuchaguliwa na aliyeitazama, na ilimkabili akiwa dhaifu. Ukuta wa pili umefinyangwa kwa kinyesi cha mnyama ambaye katika historia ya Rwanda amebeba mali, mahari na heshima. Michoro yake hurithishwa mkono kwa mkono, na aliyekulia karibu nayo huijua kabla ya kujua kusoma. Jicho linaona pembe. Kumbukumbu inaona nyumbani.

Nguvu ya maana hujitokeza wazi zaidi katika sanaa za makazi zinazoambatana na kuzaliwa na kufa. Nchini Uganda, nguo ya gome la mti wa mutuba, iitwayo olubugo kwa Kiganda, hutumika katika kutawaza wafalme na katika kusitiri maiti. UNESCO iliutangaza ufundi wake kuwa turathi ya kipekee mwaka 2005 na kuuorodhesha mwaka 2008. Katika nyumba kongwe za mawe za Lamu, chumba cha ndani kabisa, mahali pa kuzalia na pa kuoshea maiti, ndicho kilichopewa safu za zidaka za plasta zilizonakshiwa. Mganda anayemfunga marehemu wake kwa olubugo hapati matibabu ya aina yoyote. Anachopata ni utaratibu: hajaachwa kubuni peke yake namna ya kuuaga mwili. Kwa mfiwa, huo ni msaada wa afya ya akili ambao hautolewi na zahanati.

Hapa ndipo penye pengo la kitaalamu. Vipimo vingi vya wasiwasi na ustawi vilitungwa kwa lugha za mbali, na vinauliza kuhusu hisia za mtu binafsi wakati huu. Haviulizi iwapo mahali alipo panamtambua. Mtafiti anayetumia vipimo hivyo peke yake katika wodi ya Kirehe au Masaka ataipima njia ya jicho na kuikosa njia ya maana.

5.0 Njia ya Tatu: Mkono

Njia ya tatu ni ile ya kutenda. Sanaa humfaa anayeitazama, na humfaa pia anayeitengeneza, wakati mwingine kwa kina zaidi. Baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994, ufundi wa imigongo ulikuwa hatarini kupotea. Uhuishaji wake ulitokana kwa sehemu kubwa na wanawake wa Nyakarambi katika Wilaya ya Kirehe, wakiwemo wajane, waliounda chama cha ushirika kilichopewa jina la Kakira. Katika kazi hiyo, mambo matatu yalikutana: kipato, kukaa pamoja, na kuendeleza kitu kilichokuwapo kabla ya maafa. Ni vigumu kuyatenganisha mambo hayo na kusema lipi ndilo lililotibu, na huenda kuyatenganisha ni kuyaharibu.

Mfano wa pili unatokana na jengo zima. Hospitali ya Wilaya ya Butaro, iliyoko Wilaya ya Burera karibu na mpaka wa Uganda, ilifunguliwa mwaka 2011. Ilijengwa kwa ushirikiano wa Wizara ya Afya ya Rwanda na shirika la Partners In Health, na kusanifiwa na MASS Design Group. Wasanifu walianza na tatizo la kitabibu: maambukizi ya kifua kikuu na magonjwa mengine ya hewa huenea katika korido zilizofungwa ambamo wagonjwa husubiri wakiwa wamesongamana. Kwa hiyo korido zilitolewa nje, madirisha yakafanywa makubwa, na feni pana zikawekwa ili hewa izunguke. Vitanda havikupangwa kwa kuegemea kuta za nje, kama ilivyozoeleka. Viliegemezwa kwenye ukuta mfupi wa katikati ya wodi, ili kila mgonjwa alale akielekea dirisha na vilima vilivyo mbele yake.

Mpangilio huo unaitimiza njia ya jicho. Kuta za jengo zinaitimiza njia ya mkono. Zilijengwa kwa mawe meusi ya volkano, ambayo katika eneo la Virunga ni mengi kiasi kwamba mkulima huyahesabu kuwa kero ya shamba. Waashi wa eneo hilo, wanawake kwa wanaume, waliyachonga na kuyapanga kwa mkao uliobana hata yakawa uso wa jengo unaovutia jicho. Maelfu ya wakaazi walipata ajira katika ujenzi huo, na waashi walibaki na ujuzi ulioweza kuuzwa mahali pengine. Mkaazi wa Burera anayelazwa Butaro huenda amelazwa ndani ya ukuta uliopangwa na jirani yake. Jiwe lililokuwa kero limepewa heshima, na heshima hiyo inamhusu yeye.

Butaro inaonyesha pia kwamba uzuri na uzima si washindani wa fungu moja la bajeti. Dirisha lile lile linalopitisha hewa ndilo linalopitisha mandhari, na ukuta ule ule unaobeba paa ndio uliobeba ajira. Gharama ya ziada huzuka pale sanaa inapoletwa mwishoni, baada ya jengo kukamilika, kama kitu cha kununuliwa.

6.0 Hatari Mbili

Sanaa ya makazi si njema kwa kuwa ni sanaa tu. Hatari ya kwanza iko katika vifaa. Rangi za kisasa za dukani zimechukua nafasi ya udongo na majivu katika kazi nyingi, ikiwemo imigongo. Baadhi ya rangi za mapambo zinazouzwa duniani bado zina madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Shirika la Afya Duniani linasisitiza kwamba hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa ni sehemu 90 kwa milioni. Ukuta wa shule ya chekechea uliopambwa kwa rangi isiyopimwa unaweza kumfurahisha mtoto machoni huku ukimdhuru akilini.

Hatari ya pili ni ya kuhama. Imigongo ilianza kama sanaa ya kuta za ndani za nyumba. Leo hutengenezwa kwa wingi juu ya vibao vya mbao, ambavyo hubebeka, huuzwa na kusafirishwa. Kibao hicho kimeuokoa ufundi na kimelisha familia, na si haki kukidharau. Lakini kibao kinapokwenda katika hoteli na mizigo ya watalii, huku nyumba mpya na majengo ya umma yakibaki na kuta tupu, jamii huuza sanaa yake bila kuendelea kuishi nayo. Kipato kinabaki, maana inahama. Kwa kizazi kimoja tofauti hiyo haionekani, kwa kuwa watendaji wenyewe wanakumbuka. Katika kizazi cha pili, mtoto wa mtendaji ataijua imigongo kama bidhaa.

7.0 Mapendekezo

Kutokana na maelezo haya, mambo matano yanastahili kuzingatiwa na wizara na taasisi za nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Kwanza, kile anachokiona mgonjwa akiwa kitandani kiingizwe katika masharti ya usanifu wa vituo vya afya tangu michoro ya awali, pamoja na hewa na mwanga. Kugeuza mwelekeo wa kitanda katika mchoro hakuna gharama. Kugeuza jengo lililokwisha kujengwa kuna gharama kubwa.

Pili, kanuni za ununuzi wa umma ziruhusu vyama vya ushirika vya watendaji wa sanaa kushiriki katika ujenzi kama mafundi, badala ya kuuza vipande vilivyokamilika pekee. Imigongo iliyofinyangwa ukutani mwa zahanati na wanawake wa eneo lenyewe ni tofauti na kibao kilichonunuliwa mjini.

Tatu, wakaazi na wagonjwa waulizwe kabla ya kuta kupambwa. Michoro haina maana moja kwa watu wote. Katika nchi zilizopitia vita na mauaji, alama inayomfariji mmoja inaweza kumuumiza mwingine.

Nne, rangi zinazotumika katika shule, wodi na nyumba za mpango zipimwe, na mafundi wanaotaka kurejea rangi za udongo na mimea wasaidiwe kuboresha uimara wake.

Tano, vipimo vya ustawi vitungwe upya katika lugha za ukanda huu. Kiswahili, ambacho ni lugha rasmi nchini Rwanda tangu mwaka 2017, kina akiba inayofaa: ustawi, utulivu, staha, kujisikia nyumbani. Kazi ya wanaisimu ni kuyalinganisha maneno hayo na yale ya Kinyarwanda, Kirundi na Kiganda, ili swali linaloulizwa wodini Butaro liweze kulinganishwa na linaloulizwa Masaka au Mwanza bila kupoteza maana yake. Utafiti wa mfano unaweza kuanza na jambo moja: kuwalinganisha wagonjwa wa wodi zenye ukuta mtupu, picha ya mandhari, na imigongo iliyofinyangwa na mafundi wa eneo hilo.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba sanaa ya makazi huathiri ustawi kwa njia tatu. Jicho hutulia, maana humweka mtu mahali pake, na mkono humpa riziki, ujuzi na wenzake. Tafiti za Pennsylvania na Uppsala zimeithibitisha njia ya kwanza kwa kiasi kinachotosha kuanzia kazi. Nyakarambi na Butaro zinaonyesha kwamba njia ya pili na ya tatu zipo na zinafanya kazi, ingawa bado hazijapewa vipimo vyake. Uamuzi unaotakiwa kwa watunga sera si wa kuchagua kati ya dawa na nakshi. Majengo ya umma yataendelea kujengwa kila mwaka katika ukanda huu, na kila jengo litakuwa na kuta. Kuta hizo zitamwambia kitu anayeishi nazo, hata kama hakuna aliyepanga kitu hicho kiwe nini.